Meli ya Mgongo wa Nyangumi: Ilishindwa na Ziwa au na Gati?

Juni 1888, huko Duluth, Minnesota, kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, kilishushwa majini chombo cha chuma kisichofanana na chochote kilichowahi kuonekana pale. Hakikuwa na ubavu uliosimama wala sitaha iliyonyooka. Mabamba yake yalipanda kutoka chini, yakajikunja kwenda ndani na kukutana juu, hata mtu aliyesimama gatini asingeweza kuonyesha ubavu unaishia wapi na sitaha inaanzia wapi. Kilipewa namba badala ya jina: 101. Mbunifu wake, Nahodha Alexander McDougall, mzaliwa wa kisiwa cha Islay nchini Scotland aliyekulia Kanada, alikijenga kwa fedha zake mwenyewe kwa sababu wajenzi wa meli hawakutaka kuligusa wazo lake.

Miaka 10 iliyofuata vilijengwa zaidi ya vyombo 40 vya aina hiyo, matishari na meli za moshi, vingi vikiwa ni vya kiwanda cha McDougall mjini Superior, Wisconsin, ng'ambo ya bandari ya Duluth. Mabaharia waliviita migongo ya nyangumi. Wengine, kwa sababu ya ile pua butu ya mbele, waliviita nguruwe. Baada ya mwaka 1898 hakikujengwa kingine hata kimoja.

Kwa nini? Wapo wanaoshikilia kwamba umbo lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza. Wapo wanaosema umbo lilikuwa zuri, likauawa na mabadiliko ya bandarini. Nimewapa nafasi wasemaji watatu: nahodha mstaafu, mhandisi wa meli na karani wa shehena. Kila mmoja aseme kwa kadiri ya kazi yake, na mwishoni nitatoa uamuzi wangu.

NAHODHA: Tuanze na shida iliyomkabili mtu huyu, ndipo tumhukumu. Miaka ile ya 1880, kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, meli moja ya moshi ilikuwa ikikokota nyuma yake tishari moja, mawili, hata zaidi, yamejaa nafaka, makaa ya mawe au mawe ya chuma. Mengi yalikuwa ni vyombo vya matanga vilivyopunguzwa milingoti. Chombo cha namna hiyo kina ubavu mrefu juu ya maji, kwa hiyo upepo unakishika. Kinayumba kulia, kinayumba kushoto, amari inakazwa, inalegea, inakazwa tena, mwisho inakatika. Ikikatika mwezi wa Novemba katikati ya Ziwa Superior, waliomo ndani hawana pa kukimbilia. McDougall alikuwa nahodha wa maziwa hayo, aliyaona kwa macho yake. Akataka tishari lifuate kwa kunyooka, lisikamate upepo, na wimbi likipanda juu yake lipite bila kupata cha kupiga. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyozaa umbo lile. Hapakuwa na mapambo ndani yake.

MHANDISI: Hapo sina ubishi nawe, Nahodha. Kila nikizitazama picha zake naona mtu aliyefikiri kutoka kwenye tatizo. Omo na tezi vilichongoka kama pia, na amari ilipita katikati ya pua, ili nguvu ya kukokotwa iende moja kwa moja kwenye kiwiliwili cha chombo. Chini palikuwa bapa, kwa sababu mikondo na bandari za maziwa zilikuwa na kina kidogo. Vyumba vya watu na mitambo ya sitahani havikukaa juu ya sitaha yenyewe. Viliinuliwa juu ya minara ya chuma ya mviringo, maji yapite kati yake. Chombo kikijaa, mwili wake mwingi ulizama, ukabaki mgongo tu na ile minara. Halafu McDougall akaenda mbele: mwaka 1890 akashusha Colgate Hoyt, mgongo wa nyangumi wa kwanza wenye injini yake. Swali langu linaanzia hapo. Umbo lililozaliwa kwa ajili ya tishari linalokokotwa, je, lilifaa kuwa meli inayojitegemea?

NAHODHA: Lilifaa, mwanangu, na ushahidi upo. Mwaka 1891, Charles W. Wetmore, meli ya futi 265, ilipakia ngano kwenye maziwa, ikashuka maporomoko ya Mto St. Lawrence, ikaingia Atlantiki na kufika Liverpool. Meli ya maji baridi, sitaha yake karibu sawa na maji, imevuka bahari kuu! Baadaye mwaka huohuo ikazunguka Cape Horn hadi pwani ya Pasifiki, imebeba mitambo ya kujengea kiwanda kingine cha meli huko Everett, jimbo la Washington. Sasa niambieni, meli yenye umbo bovu inazunguka Cape Horn?

MHANDISI: Ilizunguka, mzee wangu, lakini ilikaribia mwisho wa safari bila usukani ikabidi ikokotwe. Na Septemba 1892 ikapanda mchanga karibu na Coos Bay, Oregon, ikaishia hapo.

NAHODHA: Usukani huvunjika kwenye meli za kila umbo, na ukungu wa Oregon umeua nyingi zenye sitaha iliyonyooka. Hilo usilitwike umbo. Kile kiwanda cha Everett nacho kilitoa meli moja, City of Everett ya mwaka 1894, ikapita bahari nyingi za dunia kwa karibu miaka 30. Mwaka 1897 ilipeleka chakula cha msaada India wakati wa njaa. Bahari ya Hindi ninaijua, Mhandisi. Chombo dhaifu hakiichezei.

KARANI: Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba meli inaishi baharini tu. Mimi nimefanya kazi kwa daftari na penseli, gatini, nikihesabu kinachoingia na kinachotoka. Kwetu swali la kwanza kuhusu meli yoyote ni moja: mlango wake wa ngama ukoje? Naomba tuutazame mlango wa mgongo wa nyangumi.

NAHODHA: Haya, Bwana Karani, tuambie.

KARANI: Sitaha imejikunja. Mlango ukiwa mpana, kingo zake zinafika pale mgongo unapoanza kuteremka, na maji yanapopita kila saa. Kwa hiyo milango ilibidi iwe midogo. Na kwa kuwa wimbi lilikuwa linapita juu yake, haikutosha kuweka mbao na turubai. Ilihitaji mfuniko wa bamba la chuma uliokazwa kwa bolti pande zote. Hebu waza kazi ya wanamaji: kabla ya kupakia, fungua bolti mlango kwa mlango; baada ya kupakia, kaza bolti mlango kwa mlango. Ndani mna maelfu ya tani za mawe ya chuma, na yote yatatokea kwenye vitundu vile. Meli ile ilikuwa mtungi mzuri wa kubebea maji ambao watu wameutia mahindi ya magunzi: kuyaingiza unaweza, kuyatoa ndiyo kazi.

NAHODHA: Umesema vizuri, lakini umesahau kutaja mwaka. Mwaka 1888 McDougall alipokuwa akijenga, mawe ya chuma yalikuwa yanapakuliwaje Cleveland na Ashtabula, kule Ziwa Erie? Kwa koleo. Makuli walishuka ngamani, wakajaza ndoo kwa mikono, ndoo ikavutwa juu kwa winchi. Mtu mwenye koleo anapita kwenye mlango wowote, na ndoo yake pia. Kwa hiyo mlango mdogo haukuwa dosari siku ulipochorwa. Unamhukumu mtu kwa mashine ambayo haikuwapo.

KARANI: Lakini ilikuja haraka. Mwaka 1899, kwenye bandari ya Conneaut, Ohio, ulifungwa mtambo wa kupakulia wa George Hulett. Naomba niueleze, maana ndipo kesi hii inapogeukia. Ulikuwa mkono mkubwa wa chuma unaotembea juu ya reli gatini, na mguu wake mmoja ulishuka wima ndani ya ngama. Mwishoni mwa mguu palikuwa na makucha ya kuchota tani 10 kwa mara moja. Ya baadaye yalichota zaidi ya hapo. Mwendeshaji alikaa ndani ya mguu wenyewe, juu ya makucha, akashuka nayo ngamani na kupanda nayo, akiona kwa macho yake anachokichota. Kazi iliyochukua siku kwa koleo ikawa ya saa. Mtambo huo ulitaka nini kwa meli? Mlango mpana, na ngama iliyo wazi. Meli za kawaida zikaanza kuchorwa kuufuata mtambo, milango mingi, mipana, imepangwa kwa vipimo vya gati. Mgongo wa nyangumi ungeupanuaje mlango wake bila kuacha kuwa mgongo wa nyangumi?

MHANDISI: Hapo ndipo hoja yangu inapokutana na yako, Bwana Karani. Kwenye meli ya kawaida unaweza kukata sitaha, ukaongeza boriti, ukapanua mlango, meli ikabaki ni ileile. Kwenye mgongo wa nyangumi, ule mkunjo ndio unaofukuza maji. Ukikata tundu kubwa juu umeiondolea meli kinga yake. Na mkunjo huohuo ulikula nafasi: pembe za juu, ambako meli ya kawaida inaweka shehena, hapa palikuwa ni hewa ya nje. Meli zilipokuwa ndogo hasara hiyo haikuonekana. Lakini mwaka 1896 lilifunguliwa lango la maji la Poe kule Sault Ste. Marie, kati ya Ziwa Superior na Ziwa Huron, lenye urefu wa futi 800 na upana wa futi 100. Mwaka huohuo McDougall alishusha Frank Rockefeller: urefu futi 380, upana futi 45. Miaka 10 baadaye meli za kawaida za mawe ya chuma zilifika futi 600. Mlango wa kwenda ukubwani ulikuwa wazi kwa wote. Mgongo wa nyangumi haukuweza kuupita kwa faida.

NAHODHA: Nami sikatai kwamba ulikuwa na mpaka. Ninachokataa ni neno "bovu". Mawe ya chuma ya kwanza kutoka milima ya Mesabi, yale yaliyokuja kulisha viwanda vya chuma vya Marekani kwa vizazi, yalisafirishwa mwaka 1892 ndani ya tishari 102 la McDougall. Mwaka uliofuata, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago, meli ya abiria Christopher Columbus, mgongo wa nyangumi wa futi 362, ilibeba watu wapatao milioni 2 kwa msimu mmoja. Ilifanya kazi kwa miongo kadhaa, ikavunjwa 1936. Abiria wanapanda kwa ngazi. Hawahitaji makucha ya Hulett. Kwa hiyo kila ulipoondoa tatizo la mlango wa ngama, umbo lilifanya kazi yake.

KARANI: Basi na tuzungumzie roho za watu, maana mlango ule haukula muda tu. Tarehe 7 Juni 1902, asubuhi, hali ya hewa shwari, Thomas Wilson ilitoka Duluth imejaa mawe ya chuma. Ziwa lilikuwa limetulia, basi mifuniko ilikuwa haijafungwa. Nje ya mlango wa bandari ilikuwa inakuja George Hadley, meli ya mbao yenye makaa ya mawe. Hadley ikaambiwa na tagi igeuke iende Superior badala ya Duluth. Ikageuka ghafla, ikaipiga Wilson ubavuni. Wilson ilizama kwa dakika tatu. Watu 9 walikufa, karibu kabisa na mji, watu wa pwani wakitazama. Wangeshuka chini wakaze bolti saa ngapi?

NAHODHA: Bwana Karani, huo ulikuwa uzembe wa utaratibu. Baada ya ajali ile ikawekwa kanuni kwamba milango ifungwe kabla ya meli kutoka bandarini. Kanuni hiyo ingekuwapo mapema, pengine tungehesabu wachache.

MHANDISI: Ruhusu nipinge, mzee wangu, kwa sababu hapa ndipo mimi na wenzangu tunapowajibika. Ukibuni kifuniko kinachochukua muda mrefu kukifunga, umekwisha kuamua kwamba siku ya shwari hakitafungwa. Wanamaji wamechoka kupakia, maji yametulia, kila mtu anasema tutafunga njiani. Kanuni iliwekwa, ndiyo, na ilistahili. Lakini usalama unaomtegemea mtu aliyechoka kukaza bolti moja baada ya nyingine haujakamilika kwenye mchoro. Na kumbuka kwamba chombo kile kilikuwa na mwili mdogo sana juu ya maji. Meli yenye ubavu mrefu ikitobolewa ina akiba ya kuelea. Mgongo wa nyangumi uliojaa hauna akiba kubwa.

NAHODHA: Nakubali la akiba. Hilo sitakuficha, lilinisumbua hata mimi.

MHANDISI: Tena wapo waliojaribu kulitibu. Kampuni ya William Doxford ya Sunderland, Uingereza, ilijenga mgongo wa nyangumi mmoja, Sagamore, kwa leseni ya McDougall. Wakati huohuo ikabuni umbo lake yenyewe: ubavu unajikunja kwenda ndani kama wa McDougall, lakini katikati unapanda tena wima, ukatengeneza sitaha nyembamba ya juu kutoka omo hadi tezi, na milango ya ngama ikawekwa huko juu, mbali na wimbi. Ya kwanza ilishushwa 1892, ikaitwa Turret. Doxford walijenga zaidi ya 170 za aina hiyo. Kampuni ya meli ya Clan Line ya Glasgow peke yake ilinunua 30, zikawa zinapita Mfereji wa Suez na kuingia Bahari ya Hindi. Suez ilitoza ushuru kwa vipimo vya meli, na ile sitaha nyembamba ilifanya meli ipimwe ndogo kuliko shehena iliyobeba. Vipimo vilipobadilishwa mwaka 1911, ujenzi wake ukakoma.

KARANI: Basi hata mtoto huyo alikufa kwa jambo la gatini. Kwa karani wa ushuru!

MHANDISI: Na alikuwa na dosari zake pia. Mwaka 1909 Clan Ranald ilipinduka Australia Kusini, karibu na Edithburgh, wakafa watu 40, wengi wao mabaharia wa Kiasia. Sisemi umbo la Doxford lilikuwa la malaika. Nasema waliona kwamba tatizo la McDougall lilikuwa kwenye mlango, wakauinua mlango.

NAHODHA: Sasa nipeni nafasi ya shahidi wangu wa mwisho. Katika familia nzima ya migongo ya nyangumi, mmoja tu umebaki: ileile Frank Rockefeller ya 1896. Ilibeba mawe ya chuma, ikabeba mchanga, ikabeba hata magari ya kuuzwa, kwa jina la South Park. Mwaka 1943 ikageuzwa kuwa meli ya mafuta, ikapewa jina Meteor. Ikafanya kazi hiyo hadi 1969, ilipopanda mwamba karibu na Marquette, Michigan. Tangu 1973 iko Superior, mji ilimozaliwa, ni makumbusho. Miaka 73 ya kazi! Meli ngapi za kawaida za 1896 zilifika huko?

KARANI: Nahodha, umemleta shahidi wangu mimi. Mafuta hutoka kwa bomba. Meteor iliishi kwa sababu mwaka 1943 iliachana na shehena inayotaka mlango mpana. City of Everett uliyoisifu nayo ilipozama mwaka 1923 kwenye Ghuba ya Meksiko ilikuwa imebeba molasi, kitu cha kumiminika. Nyingine iliyoendelea kubeba shehena kavu, Clifton ya 1892, iliwekewa mtambo wa kujipakulia juu ya mgongo wake, ikabeba mawe ya ujenzi, ikapotea na watu wote Septemba 1924 katika Ziwa Huron.

MHANDISI: Kwa haki, Bwana Karani, ilipogunduliwa mwaka 2016 mtambo ulikuwa bado mahali pake. Tusiseme kwamba mtambo ndio ulioizamisha.

KARANI: Siutwiki lawama. Nasema kila aliyetaka kuendelea na chombo hiki ilibidi kwanza ashughulike na mdomo wake.

Hapo nawasimamisha wasemaji wangu, nitoe uamuzi.

Nahodha ameshinda sehemu ya kwanza ya hoja. Umbo la McDougall halikuwa bovu. Lilikuwa jibu la kweli kwa swali la kweli: namna gani tishari lifuate kwa kunyooka katika ziwa kali bila kuua watu. Mtu aliyeacha kila kilichozoeleka kuhusu ubavu na sitaha, akajenga kwa fedha zake baada ya wataalamu kumkatalia, hastahili kukumbukwa kwa jina la nguruwe.

Hata hivyo hukumu ya mwisho naipa gati. Meli ya shehena ina kazi mbili, kuvuka maji na kutoa mzigo, na McDougall alitumia kipaji chake karibu chote kwenye ile ya kwanza. Aliuchukulia mlango wa ngama kama udhaifu wa kuzibwa, kumbe ndio ulikuwa mahali pa kazi. Kwamba koleo ndilo lililokuwapo mwaka 1888 ni kweli, na ni utetezi wa haki. Lakini winchi na mitambo ya kupakulia ilikwisha anza kuingia bandari za Ziwa Erie miaka hiyohiyo, na mbunifu wa chombo kitakachofanya kazi miaka 50 lazima aache nafasi ya kurekebishika. Kosa kubwa la mgongo wa nyangumi lilikuwa hilo: uzuri wake wote ulikaa kwenye mkunjo mmoja, na mkunjo huo haukukubali kukatwa. Meli yake ya mwisho ya 1898, iliyobeba jina lake mwenyewe, ilipewa omo la kawaida. Aliweza kubadilisha pua. Mgongo hakuweza kuubadilisha.

Nawaambia vijana wanaosomea ubunifu wa vyombo, wawe Superior, Sunderland, Mwanza au Mombasa, wamsome McDougall kwa heshima na wamsome hadi mwisho. Na kabla ya kupeleka mchoro kiwandani, wakae na kuli, mwendesha kreni na karani wa shehena, wawaulize mzigo utatoka wapi, kwa chombo gani, na nini kitabadilika gatini baada ya miaka 20. Majibu yao yaingie kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, pamoja na vipimo vya mawimbi, maana hao ndio watakaoamua meli iendelee kupangiwa safari au iuzwe kwa wakata chuma.